Sijakutambua Bado, Piga Hodi Tena

Msibani kwa Bi Mwasiti, kule Msimbu, nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wengine tukichambua mchele, nikasikia nyuma yangu mtu nisiyemjua akisema, "Marehemu si ndiye yule bibi aliyeitikia shikamoo ya kompyuta?" Mwenzake akauliza, "Acha! Kweli?" "Kweli tupu. Kompyuta imemwambia shikamoo, yeye huyo, marahaba mwanangu, hujambo? Halafu katulia anasubiri iseme sijambo." Wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kujiziba mdomo kwa upindo wa kanga, mabega ndiyo yanacheka. Mimi nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Nilikuwa na la kusema, tena la kuwanyamazisha, lakini koo langu nalijua tangu utotoni: jambo likiwa kubwa ndiyo linafunga. Nikainama kwenye ungo. Naandika haya kwa sababu kile kicheko nimekibeba mpaka nyumbani na hakitaki kushuka.

Nina miaka kumi na tisa. Najua wapo watakaosema mtu wa miaka kumi na tisa hana kumbukumbu, ana jana tu. Wasome au wasisome, shauri yao. Mimi mwaka wangu wa kidato cha tatu naukumbuka kama mtu anavyoikumbuka nyumba aliyohama. Kwa nini nilisoma bweni Kibaha na likizo nikaenda kwa shangazi Kisarawe badala ya kwa wazazi, hilo sitalieleza, halihusiki. Linalohusika ni kwamba nilikuwa siongei. Siyo bubu. Darasani nilijibu nikiulizwa kwa jina, na usiku niliandika shajara yangu kurasa mbili mbili. Ila kumwamkia mtu mzima njiani kulikuwa kunanishinda. Shikamoo inapanda, inafika hapa kooni, inakaa. Shangazi Hadija aliniambia kila siku, "Siku, watu wananiuliza, huyu mtoto wa kaka yako ana kiburi au ana nini? Anapita kama upepo." Jina langu Sikudhani, wananiita Siku.

Pale shuleni Kibaha chumba nilichokipenda kilikuwa cha kompyuta, kwa sababu ni chumba pekee ambacho mtu akinyamaza haonekani ana tatizo. Kilikuwa na harufu ya vumbi lililopata moto na madirisha yaliyozibwa kwa karatasi za kaki ili jua lisipige vioo. Mwalimu Elia, mtu wa bara, mrefu, anayekunywa chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki mpaka kimebadilika rangi, alikuwa na mashine za zamani ambazo Windows mpya ilizishinda kabisa. Ukiwasha unaweza kwenda kuchota maji ukarudi. Akaziwekea Linux. Kwa asiyeijua, Linux nayo ni mfumo wa kuendesha kompyuta, ila ni wa bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua ndani na kuubadilisha, hata maneno yake. Hilo la maneno alilisema kwa kupita tu, akifuta ubao. Mimi ndilo nililoliandika kwenye shajara siku ile, nikalipigia mstari. Shule ilipopata kompyuta mpya, akauliza darasani kama kuna kikundi chochote cha kupewa zile za zamani. Wenzangu walitaja vikundi vya kwao kwa kelele. Mimi nikamwachia kikaratasi mezani: Kikundi cha shangazi yangu, Kisarawe, wanawake, wana chumba. Sijui alinionea huruma au alichoshwa na zile kelele, lakini mashine tatu zilipakiwa kwenye kirikuu, zikafungwa kwa magodoro mabovu, zikapanda vilima mpaka Kisarawe.

Chumba chenyewe kiliungana na duka la ushonaji la shangazi, na katikati hakukuwa na mlango, palikuwa na pazia la kitenge. Upande mmoja cherehani, upande mwingine kompyuta juu ya meza ya kukatia vitambaa. Wanawake wa kikundi walikuwa wakulima wa mihogo na korosho, wengine wauza vitafunwa, na walitoka mbali kidogo, Msimbu, wengine hata Chole. Walikuja na mihogo ya kuchemsha kwenye hotpoti na kachumbari yenye pilipili ya kuliza, chai wakaikuta kwa shangazi. Mwenyekiti alikuwa Mama Pili, mwanamke mwenye sauti ya kuuzia samaki ingawa hakuwahi kuuza samaki. Alizitazama zile mashine akasema, "Hizi nazipa mpaka korosho ziishe kuokotwa. Mkizitumia, zenu. Zikikaa hapa kama makabati, namwita yule bwana wa Kariakoo anunue vipuri. Chumba tunakihitaji." Ng'ambo ya barabara kulikuwa na Rajabu mwenye stationery, kijana wa kuvaa kofia nyuma mbele, yeye ndiye aliyewachapia barua zao zote. Alikuja kuchungulia siku ile ile. "Linux?" akasema, na kucheka. "Oya dogo, hiyo kitu ya mahaka, wale wavamia mitandao. Bibi zetu hawa utawachosha bure. Hata mimi siigusi."

Bi Mwasiti alikuwa na sababu yake ya kutaka kujifunza, na sababu hiyo ilikuwa Rajabu. Walipoandikisha kikundi, Rajabu ndiye aliyechapa majina ya viongozi, na jina la mweka hazina likatoka Mwasi badala ya Mwasiti. Likapigwa muhuri hivyo hivyo. Mwasi! Mtu anayeasi serikali! Pale ofisini karani alipoita, "Bi Mwasi yupo?" watu wakageuka kumtazama mama wa makamo aliyeshika mkoba wa ukindu. Tangu hapo walimtania, "Muasi kaja, ficheni bunduki." Alicheka nao, lakini shangazi aliniambia kwamba alirudi kwa Rajabu mara kadhaa abadilishiwe, Rajabu akamwambia mashine ndivyo ilivyoandika. Sasa akasema wazi mbele ya kikundi: "Mimi barua ya kurekebisha jina langu nitaiandika kwa mkono wangu. Ndani ya hiyo hiyo mashine. Basi."

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Mwalimu Elia alikuwa ameweka Kiswahili, lakini Kiswahili kile hakikuwa cha mtu yeyote ninayemjua. Juu ya kile kisanduku cha kuingilia paliandikwa Ingiza nywila. Bi Mwasiti akasoma polepole, kidole kwenye kioo. "Ingiza... nywele?" Akajishika ushungi. "Nywele zangu za nini humo?" Wenzake wakaanguka kicheko. Shangazi akamwelekeza kuwa ni neno la siri, andika lile tulilokupa. Akaandika, herufi moja moja, akakosea moja. Kioo kikatoa maneno mekundu: Uthibitisho umeshindikana. Mtumiaji batili. Bi Mwasiti alisimama akajifunga kanga vizuri. "Batili ni ndoa," akasema. "Mimi nimewahi kuambiwa mengi, muasi nimeambiwa, lakini batili? Na bati lisilo na roho?" Akachukua mkoba wake akatoka. Nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko wote. Nilijua ni herufi moja tu. Nilitaka kusema, bibi rudi, siyo wewe. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Wengine wakakumbuka wameacha vitu motoni, na mpaka chai inapoa tulikuwa tumebaki mimi, shangazi na maganda ya mihogo.

Niliporudi Kibaha nilimfuata Mwalimu Elia na kikaratasi kingine. Nilikuwa nimeandika: Yale maneno yanakaa wapi? Alikisoma, akanitazama, akavuta kiti. Akanionyesha faili lenye safu mbili, kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili cha mtu fulani aliyejitolea, na sehemu nyingine pengo tupu. "Aliyeandika batili hakukosea," akasema. "Alifungua kamusi, akachukua la kwanza. Ila hakumfikiria mtu aliyekaa mbele ya kioo." Nikauliza, kwa mdomo, na yeye mwenyewe akashtuka: "Naruhusiwa kubadili?" "Hii ni Linux, Siku. Utamwomba nani?" Nadhani mwaka wangu ulianza hapo. Kila jioni kabla ya kengele ya chakula nilikaa na lile faili. Bweni lilikuwa na maharage na ugali, mimi nilikuwa na maneno. Nywila nikaifuta, nikaweka neno la siri. Batili nikaifuta kwa hasira, nikaacha pengo kwanza. Na pale juu kabisa, mahali ambapo kompyuta inamsalimu aliyefungua, nikaandika neno ambalo mimi mwenyewe nilikuwa siliwezi. Nikaandika Shikamoo.

Likizo ya katikati ya mwaka nilikuja na lile faili kwenye flashi, nikalipachika kwenye mashine zote tatu, na shangazi akawabembeleza warudi. Bi Mwasiti aliingia mwishoni, amenuna, akakaa pembeni mwa kiti kama mgeni asiyetaka kukaa. Akabonyeza jina lake. Kioo kikaandika, kwa herufi kubwa: Shikamoo, Bi Mwasiti. Aliitazama. Uso ukafunguka kama mtu anayepokelewa mzigo. "Marahaba mwanangu," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "hujambo?" Kisha akajisikia alichokisema, akacheka yeye wa kwanza, na sisi wote tukacheka, kicheko kizuri, kile ambacho hakimwachi mtu nje. Ndicho hicho kisa ambacho watu wa msibani walikuwa wanakisimulia. Walivyokisimulia wao, bibi mjinga kadanganywa na mashine. Hawakuwepo. Hawakuona kwamba ilikuwa mara ya kwanza mtu kukaa mbele ya kile kioo bila woga.

Ila nilikosea, na kosa lenyewe ni la kwetu sisi. Mtu wa Ulaya asingeliweza. Siku chache baadaye Rajabu alivuka barabara na kofia yake. Akakaa kwenye mashine bila kuambiwa karibu, akafungua jina lililotengenezwa kwa ajili ya wageni, na ile mashine, kwa adabu zote, ikamwambia Shikamoo. "Marahabaaa!" akaitikia Rajabu, akaegemea nyuma, akakunja nne. "Hujambo mjukuu wangu? Umesoma?" Pale ndani kulikuwa na wanawake wanaoweza kumzaa, na wengine wa kumzaa mama yake. Wakamtazama kijana anavyopokea shikamoo mbele yao. Mama Pili akasema taratibu, na Mama Pili akisema taratibu ni hatari: "Kumbe hii kitu inampa kila mtu. Mkubwa, mdogo, mlevi, mwizi. Basi hata ile ya Bi Mwasiti haikuwa yake." Bi Mwasiti aliinua kikombe chake cha chai akakirudisha bila kunywa. Rajabu akaondoka na kisa chake, akakipeleka stendi, sokoni, kikafika mpaka Msimbu kabla ya mwenyewe kufika: bibi kaitikia kompyuta. Na korosho zilikuwa zinakaribia kuiva.

Kesho yake nilikaa nyuma ya pazia nikimshikia shangazi kitambaa anachokata. Nilikuwa najiuliza nitaweka salamu gani. Shikamoo inataka ujue nani kaja. Mambo vipi ukimwambia Bi Mwasiti utafukuzwa. Habari ni ya ofisini. Na huku nje wanawake walikuwa wanafika mmoja mmoja kwa ajili ya kikao, nami nawasikia bila kuwaona. "Hodi humu!" "Karibu." "Hodi wenyewe." "Karibu, karibu, nani mwenzangu?" "Mimi." "Wewe nani, sijakutambua, hebu sema tena." "Mama Zena." "Aa, pita mama, pita." Hakuna aliyekasirika kwa kuambiwa sijakutambua. Hakuna aliyeondoka. Mtu alirudia tu, kwa sauti zaidi, na pazia likafunguliwa. Na shikamoo zikaja baadaye, ndani, watu wakishaonana nyuso. Nikaacha kile kitambaa kikaanguka. Shangazi akafoka, "Siku! Nimekata kombo!" Nikamwambia, "Shangazi, salamu siyo ya mashine kutoa. Sisi ndio tunaopiga hodi." Akanitazama juu ya miwani. Nadhani ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuzisikia kwangu.

Nikaandika upya. Kile kitufe cha kubonyeza uingie, nikakiita Hodi. Mlango ukifunguka, Karibu ndani. Na lile pengo nililoacha baada ya kufuta batili, sasa nililijua neno lake: Sijakutambua bado. Piga hodi tena. Nikayatuma pia kwa wale watu wanaojitolea kutafsiri mtandaoni. Mmoja akanijibu kwa heshima kwamba neno sanifu la kitufe kile ni Ingia, na kwamba hodi siyo istilahi ya kitaalamu. Nikamjibu kwamba mimi sijawahi kusikia mtu anasimama nje ya nyumba ya mwenzake anasema ingia. Maneno yangu hayakuingizwa huko kwao mpaka leo, na mimi sikuyatoa kwenye mashine za Kisarawe mpaka leo.

Bwana wa Kariakoo alikuja korosho zilipoisha, kama alivyoitwa. Alikuwa mtu mpole mwenye bisibisi mfukoni. Likizo ya mwisho wa mwaka ilikuwa imeanza, nami nilikuwepo. Siku ile shangazi alipika wali wa nazi na kisamvu kwa sababu mgeni ni mgeni hata akija kubomoa, na wakati yule bwana anakula, Mama Pili akasema, "Kabla hajafungua kitu, mwenye kutaka kutumia atumie tuone." Rajabu alikuwa mlangoni. Nani angekosa? Bi Mwasiti akanawa mkono, akajifuta kwa kanga, akaenda kukaa. Safari hii alikaa kwenye kiti chote. Akachagua jina lake, akaandika neno la siri, akabonyeza Hodi. Na akakosea, vile vile, herufi moja. Kioo kikaandika: Sijakutambua bado. Piga hodi tena. Akakisoma kwa sauti mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kama mtu anayeongea na jirani asiyesikia vizuri. "Haya," akasema, "hodi tena." Akaandika upya. Karibu ndani, Bi Mwasiti. "Nimeshakaribia," akasema, na mtu mmoja nyuma akapiga kigelegele kifupi kabla hajazuiwa.

Akafungua ukurasa wa kuandikia. Tulikuwa tumefanya zoezi hili kwa maharage tuliyoyapanga juu ya karatasi kama vitufe, kwa vidole juu ya meza, umeme ukiwepo na ukikatika. Akaandika: Mimi Mwasiti. Na hapo chini ya jina lake ukatokea mstari mwekundu, ule wa kujikunjakunja, kama kalamu ya mwalimu. Sikuwa nimeufikiria ule mstari. Mwaka mzima nahangaika na mlango, nimesahau kuna mengine ndani. Rajabu akaangua kicheko. "Umekosea bibi! Hata mashine inajua umekosea." Nikamwona Bi Mwasiti anavyotoa mikono kwenye kibodi, taratibu, anairudisha mapajani. Nilijua ikikaa pale mapajani sekunde chache tu itashika mkoba, na akishika mkoba basi. Yule bwana alikuwa ameshasimama, anatafuta bisibisi. Koo langu likafunga kama kawaida yake. Nikasema hivyo hivyo, na koo limefunga, sauti ikatoka mbaya, ya kukwaruza, kubwa kuliko nilivyotaka.

"Hajakosea! Mashine ndiyo haimjui!"

Wote wakanigeukia. Nikapita katikati yao, nikashika kipanya, nikabonyeza kulia juu ya jina. Ikafunguka orodha, na juu kabisa ya orodha mashine ilikuwa inapendekeza neno ililoliona sahihi: Mwasi. Mama Pili akalisoma. Akalisoma tena. Akageuka taratibu kumtazama Rajabu. "Kumbe wewe hukukosea," akamwambia. "Mashine yako ilikwambia Mwasi, na wewe ukaitii." Rajabu akavua kofia, akaivaa, ikawa upande. Mimi nikamwonyesha Bi Mwasiti mstari wa chini kwenye ile orodha, Ongeza kwenye kamusi. "Bonyeza wewe, bibi," nikasema. Akabonyeza. Ule wekundu ukatoweka.

"Sasa imenijua?" akauliza.

"Imekujua."

"Na kesho?"

"Na kesho."

Baada ya hapo hakuna aliyemkumbuka bwana wa Kariakoo, maskini, alimalizia wali wake mwenyewe. Wanawake walipanga mstari. Chausiku, Sikujua, Tabu, Mwanaidi, kila mmoja akaandika jina lake, akaona kama mashine inamjua, na asipojulikana akabonyeza mwenyewe, tena kwa kidole cha nguvu kama anaua mbu. Mama Pili alijulikana mara moja, na akaringa mpaka jioni. Barua ya Bi Mwasiti ilimchukua siku kadhaa. Akaipeleka ofisini mwenyewe, akarudi na jina lake.

Sasa amekufa, na juzi kabla ya kwenda hitimani nilipita kwa shangazi. Mashine moja imeharibika, mbili bado zinafanya kazi. Nikafungua ukurasa mtupu nikaandika Mwasiti. Nikasubiri kidogo. Hakuna mstari. Chumba kile kilikuwa na watoto wa shule wawili wanaobishana na mama mmoja anayeandika bei za vitenge, hakuna aliyeniangalia, nami nikalia kidogo nikamaliza.

Hitimani pale Msimbu, baada ya dua, sahani za pilau zikaja, na yule mwanamke wa kwenye mchele alikuwa amekaa mkeka ule ule. Akaanza tena, kwa mwingine aliyekuwa hajakisikia. "Bibi wa watu kaambiwa shikamoo na kompyuta, na yeye, marahaba mwanangu!" Kanga zikapanda mdomoni. Nikaweka tonge chini. Koo likafunga. Nimeshalizoea.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

Akashtuka. "Marahaba."

"Ile shikamoo niliiandika mimi. Alikuwa ananiitikia mimi."